Kijiji cha Maalim wa Jiografia

Wanaume wa umri wangu hapa Maskat, wale tuliosoma skuli moja ya Ghubra, tukipewa karatasi na penseli tunaweza kuchora kijiji kimoja cha Ucheki ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukitia mguu. Tunaanza na mto, unaoshuka kutoka milima ya kaskazini. Tunaweka daraja la mawe, kanisa upande wa kulia, bwawa la samaki nyuma ya kanisa, kisha njia inayopanda mpaka nyumba ya mwisho yenye mtofaa mbele ya mlango. Daktari aliyenipasua nyongo anakijua. Siku moja uwanja wa ndege nilikutana na mwenzetu mmoja ambaye hatujaonana tangu ujana, na badala ya kunisalimia akaniuliza, "Bwawa liko wapi?" Nikamjibu, "Nyuma ya kanisa." Tukakumbatiana mbele za watu.

Mwenye kutufanya hivi ni mtu mmoja tu, Maalim wetu wa jiografia. Kitabu tulichopewa kilikuwa na sura ya makazi ya vijijini, na ndani yake picha za vijiji visivyo na jina. Maalim alikifungua, akasoma kichwa cha habari, akakifunga. "Kijiji gani hiki?" alituuliza. "Kijiji hakielei hewani. Kina mto wake, kina watu wake, kina sababu ya kuwa pale na si pengine." Akageukia ubao akaanza kuchora. Tangu siku hiyo kila tulichosoma kilipitia kijiji kile. Mmomonyoko wa ardhi ulitokea kwenye mteremko juu ya bwawa. Baridi iliingia kwa dirisha la nyumba ya mwisho. Sisi watoto wa joto, ambao barafu tuliijua ya kwenye friji tu, tulikuwa tunaweza kukueleza kwa nini theluji ya kule hukawia kuyeyuka upande wenye kivuli cha mlima. Somo lilikuwa kwa Kiarabu, lakini akikasirika, au akifika nyumba ya mwisho, Maalim alihamia Kiswahili bila kujijua, na wenzetu ambao wazee wao hawakutoka Afrika wakawa wanatusukuma kwa viwiko tuwafasirie.

Jina la kijiji chenyewe alituandikia, ila halikukaa mdomoni mwa mtu. Tukakiita Kijiji cha Maalim, na yeye akaridhika.

Alikuwa na swali moja la kumuuliza kila mtu aingiaye darasani kwake, na baadaye nyumbani kwake, nilipokuwa jirani yake: "Kaskazini iko wapi?" Hukai mpaka uoneshe. Kwa Ghubra si swali gumu, maana bahari ndiyo kaskazini, lakini mtu akishaingia ndani, mapazia yamefungwa na kiyoyozi kinanguruma, hupotea. Mafundi wa mabomba waliulizwa. Shemeji zake waliulizwa. Kijana aliyekuja kumposa binti yake Salma aliulizwa mbele ya wazee waliomsindikiza, na kwa kiwewe akaonesha kibla. Maalim akamtazama, akasema, "Hiko kibla, mwanangu. Kibla twakijua sote." Wakamdhania kakasirika. Kumbe alikuwa keshamkubali. Alinambia baadaye kwamba mtu ambaye akibabaika huelekea kibla hawezi kuwa mume mbaya.

Usidhani basi kwamba alikuwa mjuzi wa njia. Maskat ilimshinda. Alijifunza mji huu kwa raundabauti zake, na zilipoondolewa moja moja, kuwekwa taa na madaraja ya magari, mji ukamponyoka. Alikuwa akimwelekeza dereva wa teksi, "Pinda pale penye raundabauti ya zamani," na dereva, kijana aliyezaliwa baada ya kuondolewa kwake, akawa anamtazama kwenye kioo tu. Nilipomwekea ramani ya simu, akagombana na sauti ya yule mwanamke njia nzima mpaka Sib. "Kila saa kushoto, kulia, kushoto, kulia," alilalamika. "Mwambie aseme mashariki, nami n'tamfahamu." Tulikuwa tunakwenda kununua samaki, na tulifika soko limekwisha.

Maadhali nimetaja samaki, acha nieleze mkasa wa hodhi. Maalim alikuwa amewaambia wanawe, wakiwa wadogo, kwamba Kijijini wakati wa sikukuu ya baridi kila nyumba hununua samaki mzima mzima na kumwacha aogelee ndani ya hodhi la kuogea mpaka siku ya kupikwa, na watoto humpa jina. Watoto hawakuamini. Basi siku ya mkesha wa Idi akaenda Sib alfajiri, akarudi na ndoo yenye changu wawili wanaopumua, akawatia katika hodhi la nyumba alilolijaza maji ya bomba. Hawakufika adhuhuri. Mkewe, marehemu sasa, mwanamke wa Tanga asiyeona haya kusema lake, alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Maalim wa jiografia," alisema, "hajui tofauti ya bahari na bwawa." Na yeye, badala ya kutahayari, aliwaita watoto wote wa mtaa, nami nikiwemo na ndevu zangu mpya, akatusomesha habari ya chumvi kando ya maiti wawili. Wale changu tuliwala wa kupaka, na walikuwa watamu.

Huyo mkewe alijifunza kumpikia andazi la kule, la unga na vipande vya mkate mkavu, linalochemshwa kwenye maji kisha hukatwa kwa uzi. Kwa uzi, si kwa kisu; kisu hulibana likawa zito. Wenyewe hula na nyama na kabichi. Yeye alilila na mchuzi wa kuku wa nazi, na mwezi wa Ramadhani lilikuwepo mezani kando ya sambusa na mkate wa kumimina, wageni wakawa wanaliogopa. Na mvua ikinyesha Maskat, kitu adimu, watu wote wakakimbilia kutazama mabonde yakifurika, Maalim alitoka kesho yake na kikapu kutafuta uyoga milimani. Hajawahi kupata hata mmoja. Alirudi na kikapu kitupu na furaha zake, akasema ardhi haijawa tayari.

Alifikaje Ucheki? Alisema kwa ufupi sana. Alitoka Unguja kijana, kabla ya Mapinduzi, kupitia Misri, akapata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi. Likizo za kiangazi wanafunzi walipelekwa vijijini na vyombo vyao vya miguu mitatu kwenda kupima, naye akaangukia kijiji kile na kupangishwa nyumba ya mwisho, kwa kizee mmoja mjane. Mapinduzi yalipotokea kwao, hakuwa tena na pa kurudi wakati wa likizo, basi akawa anarudi kwa yule kizee. Alimwita Bibi. Mpaka leo nasi twamwita Bibi, kana kwamba tulimzika sisi.

Historia ya Kijiji alitufundisha kwa tabaka, kama udongo. Kwanza msitu. Kisha watawa waliochimba bwawa wapate samaki wa siku zao za kufunga. Kisha wakulima wenye kusema Kijerumani, waliokaa karne kwa karne, wakapanda mitofaa. Kisha vita, na baada ya vita wenye Kijerumani wakatolewa na mizigo yao mikononi, na wengine wakaletwa kutoka mbali kuja kujaza nyumba. Bibi alikuwa katika hao walioletwa. Alikuta vikombe vimeoshwa vimepangwa kabatini. Alikaa humo umri wake wote uliobaki, akapalilia, akaezua na kuezeka, na bado alisema "jiko lao," "ngazi yao," "mtofaa wao." Maalim alitusimulia hivyo bila kupandisha wala kushusha sauti, kisha akauliza swali la mtihani: "Taja sababu mbili za watu kuhama." Sisi, ambao kila mmoja ana bibi aliyeacha nyumba Unguja au Pemba au Bujumbura, tuliandika ukame na mafuriko. Akatupa alama zote.

Na hapa ndipo penye kero yangu naye, na kero ya Salma kubwa zaidi. Mtu huyu, aliyejua mlango wa banda la bata la Bibi ulifungukia upande gani, hajapata kusema nyumba yao Unguja ilikuwa wapi. Hakusema mtaa, wala jirani. Mazungumzo ya wazee wa hapa, wewe mwenyewe wajua yalivyo: wakikutana harusini au matangani hawafiki mbali kabla ya kuulizana ulikuwa ukikaa wapi, Malindi, Vuga, Kikwajuni, nyumba ya nani, mkabala na nani. Maalim akifikiwa yeye alisema, "Mjini," akainuka kutafuta kahawa.

Salma ni mfamasia, mtu wa vipimo, na alikua akisikia habari za Bibi wa Ucheki bila kujua lolote la bibi yake wa damu. Alipoolewa alikwenda Unguja na mumewe, akazunguka Mji Mkongwe akipiga picha milango. Akarudi nazo, akazipanga mbele ya babaake moja baada ya moja. "Ni huu, baba? Au huu?" Maalim alizitazama zote kwa adabu. "Milango mizuri," alisema, na akaomba chai. Salma alilia jikoni kwetu siku hiyo, akamwambia mke wangu kwamba babaake amewapa watu wote kijiji kisichokuwa chake na yeye mwanawe hakumpa hata kizingiti. Na alisema kweli.

Miaka ikenda. Mkewe Maalim akafariki. Kisha presha ya macho ikaanza kumla kingo za kuona, akawa anaona mbele yake tu, na hata hapo kwa ukungu. Hasomi. Anajua mtu kwa sauti. Salma akaanza kuingiwa na hofu: macho yakenda, na kumbukumbu ikifuata, nyumba ile itakwenda nayo wala hakutakuwa na wa kumuuliza.

Mwaka huu akapata wazo. Watu wa hapa siku hizi wanakwenda Ucheki kuogea maji ya moto kwa ajili ya magoti na migongo. Kuna mji kule ambamo utasikia Kiarabu cha Ghuba kila kona. Salma akasema atampeleka babaake kutibiwa magoti, na siku moja watakodi gari kwenda Kijijini. Pengine, alinambia, akisimama mbele ya nyumba ya Bibi, moyo utafunguka na ile nyumba ya pili nayo itatoka. Akamwambia babaake. Maalim akasema, "Inshaallah," akaulizia kama anaweza kubeba kikapu.

Salma akakitafuta Kijiji kwenye ramani ya simu ili ajue masafa. Jina hakulipata. Akaufuata mto kutoka milimani, kama tulivyofundishwa sote, na pale palipotakiwa pawe na daraja pakawa na ziwa. Ziwa kubwa, la samawati, mviringo. Akasoma, akaelewa: chini ya vijiji vya pale palikuwa na makaa ya mawe, wakavibomoa kimoja baada ya kimoja, wakachimba, makaa yalipokwisha wakalijaza shimo maji. Kijiji kiliondolewa zamani, kabla sisi hatujashika hata penseli.

Akaja kwetu analia. Wala hatukujadiliana sana. Kwetu sisi mzee mgonjwa haambiwi msiba; tunamwambia fulani kasafiri, fulani hana simu, mpaka apate nguvu au afe kwanza. Mamaangu alikufa akiamini dadaake wa Dar es Salaam kamnunia. Tukaafikiana kwamba Maalim hataambiwa. Safari itaahirishwa, na mimi, mwanafunzi wake ambaye yeye humsikiliza, ndiye nitakayemshawishi asiitake tena.

Nikaenda baada ya alasiri. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kofia kichwani, bakuli la halwa mbele yake. Salma alinifungulia akakimbilia jikoni.

"Kaskazini iko wapi?" aliuliza, kwa kusikia hatua tu.

Nilionesha, kisha nikakumbuka haoni, nikasema, "Mgongoni mwako, Maalim."

"Kaa."

Nikaanza uongo wangu. Nilimwambia viza za Ulaya zimekuwa ngumu. Nikamwambia mwaka huu kuna mafua mabaya. Nikamwambia magoti hata Maskat yanatibika, kuna daktari Mhindi mzuri sana hapa hapa Ghubra. Alinisikiliza bila kunikatiza, kichwa kimeinama kidogo, vile vile alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi asiyedurusu.

"Umekwisha?"

"Nimekwisha, Maalim."

"Mmeliona ziwa," alisema.

Sahani ilianguka jikoni.

"Mie ndo n'liokipima, mwanangu," alisema. "Wafikiri walitupeleka na vile vyombo kufanya nini? Kuburudika? Wakitaka kujua nyumba ngapi, makaburi mangapi, mti upi mkubwa, ili wajue cha kuondoa. Bibi akijua. Wote wakijua. Akinikatia andazi na huku mie nnaandika upana wa jiko."

"Umejua miaka yote hii?"

"Kabla ya kuzaliwa kwako."

Nilimkasirikia. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sijapata kumwinulia, kwamba alitufundisha mto unapita, daraja lipo, Bibi yupo. Kwamba darasa zima tulikesha tukikariri mahali ambapo hapapo.

"Na ningekwambia hakipo," alisema, "ungekikariri?"

Nikafikiri. "La."

"Basi." Akapapasa halwa, akachukua kidogo. "Karatasi zangu walizichukua wenyewe, zilikuwa mali yao. N'kaja huku na kichwa tu. N'kaona darasa limejaa vichwa vitupu."

Nilicheka, nikiwa bado na hasira. Na kwa kuwa hasira ilikuwa imekwisha kunifungua mdomo, nikasema lile ambalo wote tuliliogopa. "Kwa nini basi hukutupa na ya Unguja? Salma hataki ziwa, Maalim. Hataki daraja. Anataka kujua bibi yake alikuwa akipikia wapi. Unatembea na nyumba ya watu kichwani, ya kwenu huisemi."

Nilidhani atainuka. Hakuinuka.

"Siijui," alisema.

"Huijui vipi?"

"Siijui kama n'navyoijua ile. Ile n'liipima kwa sababu ikiondoka. Kwetu sikupima, wallahi. N'litoka asubuhi na sanduku, n'kamwambia mama n'tarudi. Mtu haangalii kitu anachorudi kukiona. Kisima kilikuwa kushoto ya ngazi au kulia? Sijui. Mlango wa ua ulikuwa mweupe? Siku nyengine nauona mweupe, siku nyengine wa kijani. Nikae mbele ya mwanangu nimchoree kwao kwa makosa? Mie, niliokupunguzieni alama kwa bwawa?"

Sauti yake ilikatika hapo, akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia halwa. Nilimhurumia. Miaka yote hiyo tulimdhania kaficha, na kumbe alikuwa akiona haya, haya ya mwalimu.

Salma alikuwa keshatoka jikoni. Amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, amesikia yote. Hakulia safari hii. Alikuja akakaa chini kwenye zulia, karibu na magoti ya babaake.

"Baba," alisema, "kosea tu. Mie nataka hivyo hivyo, yenye makosa. Siku ikiwa nyeupe nichoree nyeupe, siku ikiwa kijani kijani."

Maalim aliweka mkono juu ya kichwa chake, akaunyanyua, akaurudisha.

"Kuna karatasi?" aliuliza.

Nilitoa penseli mfukoni, mazoea ya skuli hayafi, na karatasi nikaichukua nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Nikampa Salma. Akaitandaza juu ya meza ndogo, akasogeza bakuli la halwa. Kwa mazoea, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyoanza maisha yetu yote, akaweka ncha ya penseli juu pembeni, tayari kuchora mshale.

"Kaskazini iko wapi, baba?"

Maalim alifumba macho yasiyoona, akageuza uso upande huu, kisha upande ule.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Anza na mlango."